Mlio Niliomtilia Bwana Mohdhar

Wiki iliyopita mliniacha nimeketi kwenye ngazi za ofisi ya kadhi, viatu vipya miguuni, karani amenifukuza kwa adabu. Asanteni kwa kuniacha pale. Jua lilikuwa kali.

Kwa aliyechelewa: naitwa Ghalib, wa Bombolulu, chumba cha kupanga, mlango wa pili kutoka chooni. Nilikuwa mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu mpaka kikundi kikafa. Nikawa kuli bandarini mpaka mgongo ukakataa. Nikakamua miwa mpaka mashine ikanila ncha ya kidole. Na sasa, mwaka huu wa tisini na tisa, nina kazi ambayo marehemu mamangu angeniuliza mara tatu ni kazi gani: natia watu milio kwenye simu za mkononi.

Tena nataka kumuoa Tumu wa Likoni. Hapo ndipo anapoingia karani wa kadhi.

Tumu aliwahi kuolewa, ndoa ya siri, miaka minane iliyopita. Asubuhi moja mumewe aliacha kikombe mezani, akasema atarudi kabla chai haijapoa, akavuka feri kuja Mombasa, akapotea. Baada ya miezi mtu akamletea salamu kwamba ameachwa. Salamu, si barua. Kadhi anataka barua.

Nilimuuliza Tumu huyo mume ni nani.

"Nikikwambia, utamtazama vingine ukikutana naye njiani," alinijibu. "Na mimi nimekwisha kumtazama kwa niaba yetu sote."

Kumshitaki hakutaka. Mwalimu aliyewaozesha amekufa. Shahidi mmoja alihamia Unguja, wa pili akahamia kaburini. Basi nikatoka pale kwenye ngazi, nikarudi kazini, nikamwachia Mungu. Kumbe Mungu alikuwa amekwisha kunijibu tangu mwezi uliopita, nami nilikuwa nimelipiga jibu hilo kwa vidole vyangu mwenyewe, tisa na nusu.

Sikizeni.

Kazi hii nilifunzwa na simu ya Wafula, karani wa malori kule Changamwe. Aliniletea na kijitabu chake, akitaka wimbo wa kanisani kwao. Nikagundua kwamba kila tarakimu ni sauti. Ukiishikilia sauti hurefuka, kitufe kingine huipandisha, na kingine hutia kimya. Simu hupiga sauti moja moja tu, na hazipiti hamsini. Wimbo wa Wafula uliingia wote. Alilia machozi pale mezani pangu, nje ya duka la fundi wa redio, na siku ya pili akaja na wenzake wanne.

Ila taarabu haiingii. Hata utangulizi haujesha, simu imeshiba.

Ndipo akaja Bwana Mohdhar, muuza vipuri vya malori wa Kisauni, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Alitaka mlio ambao hakuna mwingine anao Mombasa nzima, na uwe wa kwetu, si wa kizungu. Simu yake ikilia watu wajue ni mtu wa hapa anayetafutwa.

Nikafikiri nimtilie nini. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapowaungamia uvivu. Nilikuwa na wimbo mmoja mfupi, wangu mwenyewe, unaoingia vizuri. Ulikuwa wimbo wa vugo.

Mnalijua vugo: wanawake wa arusini, pembe mkononi na kijiti, mmoja huanza na wengine huitikia. Mwanamume haingii pale. Sauti ya wimbo ule niliitunga mwaka wa tisini na mbili, na aliyenijia na maneno alikuwa Tumu. Ndivyo tulivyojuana. Hakuniambia nani amemfanyia nini, na mimi nilikuwa mtu wa sauti, si mtu wa maswali. Akawapa wanawake wa Likoni bila ya kusema ni wake, nao wakaenda nao arusi kwa arusi. Aanzaye husema:

*Kavuka na feri, kanena, "Narudi."*

Na wote huitikia:

*Harudi huyo, chai imepowa.*

Nikajiambia wimbo usio maneno ni mlio tu. Wanaume hawajausikia, na wanawake watausikia wapi, simu zenyewe ziko mifukoni mwa kanzu. Nikautia. Na kwa kuwa fundi hujisifu kwa vitu vidogo, nikatia na kimya pale wanapoitikia, cha kipimo kile kile.

Bwana Mohdhar akaupenda. Aliniamuru niupige mara tatu, akacheza na bega moja, akaniita mwanangu. Kisha akanialika kwake siku ya posa ya bintiye Mwanarehema, nikae karibu, simu isije ikamtia aibu mbele ya wageni.

Nilipotoka kwa kadhi siku ile, posa ilikuwa kesho yake.

*

Wageni walikuwa watu wa Mtongwe, upande wa Likoni, wameongozwa na ami yake bwana arusi, Maalim Nassor, mzee mpole mwenye sauti ya chini. Wanaume tulikaa sebuleni. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia, nasi tukisikia bangili zao. Bwana Mohdhar alikaa dirishani, maana ndipo mtandao unapokamata, na simu akaiweka juu ya sinia ya kahawa kama tende.

Alikuwa amempanga mtu wake wa dukani ampigie kahawa ikiisha. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni fikra nzuri.

Kahawa ikaisha. Simu ikalia.

Ikaimba sawasawa, ikafika kwenye kimya changu nilichokipima, na kutoka nyuma ya pazia sauti sita au saba, bila ya kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu, zikaitikia:

"Harudi huyo, chai imepowa."

Kukawa kimya cha kweli. Kisha kicheko kilichozibwa na leso. Kisha simu, ambayo haina haya, ikaanza tena, nao wakaitikia tena, safari hii na makofi.

Bwana Mohdhar hakujua pa kubonyeza. Akanipa mimi. Nikaizima, nikainua uso nimwombe radhi, nikamkuta ananitazama mimi.

"Wamesema chai imefanya nini?" akauliza.

Na mimi ndipo nikajua. Mtu akisikia upuuzi wa wanawake hucheka, au hukasirika. Haulizi habari ya chai.

Maalim Nassor akasogea kwenye pazia, akanong'onezwa, akarudi na kuketi taratibu. Alisema wanawake wao wanasema wimbo ule una mwenyewe, ni mwanamke wa kwao Likoni, aliyeachwa ananing'inia, si mke si mjane. Hawamjui ni nani, wala mume ni nani. Lakini watu hawaingii nyumba kabla ya kujua msingi wake. Wimbo huu umefikaje kwenye simu ya Bwana Mohdhar?

Bwana Mohdhar akanioneshea kidole. Akasema mtunzi ni huyu.

"Alhamdulillahi," Maalim Nassor akasema. "Basi imekuwa sahali. Alhamisi baada ya alasiri turudi, mtunzi ale yamini kwamba wimbo haumhusu mtu wa nyumba hii. Akishaapa, hakuna atakayelirudia neno hilo, si kwetu si kwenu. Na arusi tutaitia siku."

Nyinyi mnajua yamini kwetu ni nini. Watu wawili wanaweza kugombana miaka kumi kwa mpaka wa shamba, mmoja akaweka mkono juu ya mas-hafu, Kurani yenyewe, na kesho yake wakasalimiana. Hapana shahidi, hapana hakimu. Ndiyo maana watu huiogopa. Mimi nimewadanganya mapolisi, wenye nyumba, makarani na mke wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, lakini mas-hafu sijapata kuyagusa ila kwa kuyasoma, na hata hivyo si mara nyingi kama nilivyomwambia Tumu.

*

Wageni walipoondoka, Bwana Mohdhar alinitangulia mpaka stoo yake ya nyuma, akafunga mlango, akageuza ufunguo. Pande zote chuma: ekseli, magurudumu, breki za malori. Mahali pa kusimama palikuwa pamoja tu, kati yake na gia za lori.

Akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza wamenilipa nini. Nikamwambia amenilipa yeye. Kisha akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Tumu hajambo?"

Wasomaji wangu, alilitamka jina lile vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamwambia hajambo, na kwamba namuoa mwezi ujao. Nilidhani nampiga kofi. Yeye akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kipuri kisicho cha gari lake.

"Huwezi," alisema. "Sijamuacha."

"Salamu ilimfikia kwamba ameachwa."

"Ile ilikuwa ya kumnyamazisha. Talaka hasa sijaitamka wala sijaiandika. Yule ni mke wangu mpaka leo, Ghalib. Wewe wachumbia mke wa mtu."

Nikaketi juu ya tairi. Pa kwenda hapakuwapo.

Yeye akatoa karatasi na kalamu, akaandika akiegemea boneti iliyovuliwa, pole pole, kwa hati nzuri ya chuoni. Akanisomea. Ilikuwa talaka ya Tumu, na jina lake, na la babake, na mtaa. Yote yamo ila sahihi. Akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani.

Alhamisi, akasema, nikila yamini, ataitia sahihi mbele yangu na mashahidi wawili, nimpelekee kadhi. Nisipoila, haitatiwa sahihi kamwe.

"Nitakufa nina wake wawili," alisema. "Na kwetu twaishi sana, inshallah. Babangu alikufa na miaka tisini na sita."

Akanifungulia mlango.

Kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma nikamkuta mkewe, Bi Zubeda, amesimama na beseni tupu, kama mtu aliyekuwa na kazi pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila ya kunitazama. Nikataka kupita. Beseni halikunipisha.

"Usijisumbue kunificha," alisema. "Nimejua tangu mwanzo. Mume wangu alikuwa hanywi chai nyumbani asubuhi, mwaka mzima, ati tumbo. Siku moja akarudi akanywa vikombe viwili. Nikajua kuna mahali kikombe kimebaki."

Nikamwambia basi yeye ndiye wa kusema, si mimi.

"Nikisema, nani atamuoa Mwanarehema? Kwa ajili ya yule baba ningekuona mpumbavu ukiapa. Nakuomba kwa ajili ya mwanangu. Ampenda yule kijana. Kula hiyo yamini, mwanangu, na dhambi yake gawa, nusu nipe mimi."

Sikujua kwamba hugawika. Nikatoka.

Yaani, hesabuni na mimi. Mume ataka niape uongo. Mke aliyedhulumiwa ataka niape uongo. Binti atalia nisipoapa. Na mimi mwenyewe, nikiapa, napata karatasi na mke. Nyumba nzima haina mtu anayeutaka ukweli, hata mmoja, nami bado nimesimama barabarani Kisauni.

Nilimpitia Wafula kumwomba ushauri. Aliona jambo ni jepesi.

"Sema tu, bwana. Si ni maneno? Korti nzima watu wanaapa, wanadanganya, wanaenda kula nyama."

Nikamwambia aje aape yeye kwa niaba yangu. Akakumbuka ana lori Miritini linamngojea.

*

Jumatano nikavuka kwenda Likoni. Na hapa ninaungama la pili, nalo si uvivu.

Nilikuwa nimeazimia kumwambia Tumu kila kitu. Nilirudia maneno feri nzima. Nikafika, akanitilia chai, akaniwekea mahamri, akaketi mbele yangu na leso yake ya kijani, nikamtazama, maneno yote yakarudi na feri.

Nikamwambia karatasi itapatikana kesho.

"Yatoka kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

Hakuuliza nimemjuaje. Alizungusha kijiko kikombeni, kling, kling, muda mrefu.

"Atoa kwa nini?"

"Hivi hivi tu," nikasema. "Bure."

"Yule hatoi kitu bure, Ghalib. Nimelala naye nyumba moja, nawe umemuona siku moja." Akanisogezea kikombe. "Kunywa. Sipendi kikipoa."

Nikanywa. Iliniunguza mpaka kifuani, nikakimaliza kikombe. Alinisindikiza mpaka uani, si mpaka njiani kama siku zote. Nikajiambia ni jua.

*

Alhamisi mchana Bwana Mohdhar alinipa simu niufute mlio. Niliufuta sauti moja moja, nikarudisha ule wa kiwandani, kiriri kiriri, usio na mwenyewe. Kile kimya nilikifuta mwisho.

Alasiri ikaswaliwa. Wageni wakaja, wengi kuliko mwanzo. Wanawake wakapita kwa mlango wa uani, mabuibui meusi yamefuatana, mimi sikuwahesabu wala haifai mwanamume kuwahesabu. Ningewahesabu.

Maalim Nassor akaweka mas-hafu juu ya kibao mbele yangu, kitambaa cheupe chini yake. Akaniuliza kama nina udhu. Nilikuwa nimetawadha mara mbili. Bwana Mohdhar alikaa pale pale dirishani, simu ameizima, mkono mmoja kifuani juu ya mfuko. Aliyemuona angedhani anaumwa na moyo.

Maalim akanieleza kwa upole. Nitasema wallahi, wabillahi, watallahi, zote tatu, na baada ya hizo tatu niseme wimbo haumhusu mtu wa nyumba hii. Nisiharakishe. Yamini si mbio.

Nikaweka mkono. Jalada lilikuwa baridi, na kidole changu kilichokatika kikawa kinapwita kama kina ncha.

Nikamfikiria Mwanarehema nyuma ya pazia. Nikaifikiria karatasi. Nikafikiri, Ghalib, umepigwa na kila kitu dunia hii, sasa kuna mlango mmoja umefunguliwa, pita, utatubu ukishafika upande wa pili.

"Wallahi," nikasema.

Nyuma ya pazia kijiko kikagonga kikombe. Kling, kling.

Mlio ule niliujua kabla ya sauti. Kisha sauti yenyewe ikaja, peke yake, haina pembe wala makofi, imeinuka kama wainuavyo waanzishaji wa vugo:

*Kavuka na feri, kanena, "Narudi."*

Ikanyamaza. Hakuna mwanamke aliyeitikia. Kikapita kile kimya changu, kipimo kile kile, nami nikakisikia chote. Bwana Mohdhar alikuwa ameshika kingo za dirisha. Katika sebule ile tulikuwa wawili tu tunaoijua ile sauti ni ya nani. Habari ya yamini ilikuwa imemfikia Tumu kwa wanawake wa Mtongwe, naye akaja nao.

Ndipo akaongeza ubeti. Sikuutunga mimi, wala haukuwamo mwaka wa tisini na mbili:

*Wa kwanza kanikimbiya, chai yangu ikapowa;*
*wa pili akiapiya, kwangu hatapokelewa.*

Kijiko kikawekwa chini.

Basi nikaelewa. Nikiapa, karatasi inatiwa sahihi, Tumu yuko huru, na mlango wake siugusi tena. Nisipoapa, mlango uko wazi, lakini anayenifungulia ni mke wa Mohdhar, mpaka Mohdhar afike miaka tisini na sita.

Maalim Nassor alitazama pazia, akatabasamu kidogo kama mtu mzima anavyowavumilia wanawake na nyimbo zao.

"Wasikushughulishe," aliniambia. "Endelea, mwanangu."

Bwana Mohdhar akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti, akaomba kalamu kwa jirani yake.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya mas-hafu. Moja nilikwisha kuisema. Zilibaki mbili.